Waya Wake Ni Miguu ya Mtu



Nawasalimu nyote mlioko Same mjini, Makanya, Bangalala na Mwembe. Nawasalimu kwa namna ya pekee wazee wangu na ndugu zangu wa Vudee, mlioko huko juu kwenye milima ya Upare, ambao saa hizi mmeshaliona jua likizama upande wa nyika na mko jikoni karibu na moto.

Jioni ya leo nataka tuzungumzie mahali pa kuweka kipimo. Mtu akinunua kipimo, huuliza bei, huuliza kimetoka wapi, huuliza kitadumu miaka mingapi. Akifika nacho nyumbani hukiweka popote palipo na nafasi. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu kipimo kizuri kikiwekwa pabaya huwa kibaya kuliko kutokuwa nacho. Asiye na kipimo anajua kwamba hajui. Mwenye kipimo kilichokaa pabaya anadhani anajua.

Nianzie pwani, kisha nitapanda mlima.

Nahodha wa jahazi anayeondoka Tanga usiku kwenda Pemba ana dira. Dira hiyo haitupwi tu pembeni ya shehena. Hukaa nyuma, upande wa tezi, mbele ya mshika usukani, ili aweze kuteremsha jicho mara moja, aone mwelekeo, kisha arudishe macho baharini bila mkono wake kuachia usukani. Tena hukaa mbali na nanga, mbali na injini, na mbali na spika ya redio, kwa kuwa chuma na sumaku huivuta sindano. Dira iliyokaa jirani na chuma haipigi kelele wala haizimi. Huonyesha upande usio wa kweli kwa utulivu ule ule ambao ingeonyesha upande wa kweli, na chombo huenda mwambani huku kila mtu ametulia.

Sasa tazama mashua za tanga za siku hizi, zenye vipimo vya umeme. Kipimo cha upepo hufungwa kwenye ncha ya mlingoti, kwa sababu huku chini tanga lenyewe hupinda upepo na kuuchanganya. Kipimo cha kina cha maji, kile kilichochukua kazi ya bildi, hufungwa chini kabisa, kwenye mkuku au ubavuni mwa chombo, ndani ya maji. Lakini mshika usukani hawezi kupanda mlingoti kila dakika, wala hawezi kuzamia. Kwa hiyo hutandikwa waya, na habari za juu na za chini huletwa mpaka kwenye kioo kidogo kilichowekwa mbele ya macho yake, mahali ambapo mwili wa abiria hauzibi na jua halimulikii.

Angalieni hapo, wasikilizaji. Kipimo kina mahali pawili. Pana mahali kinapogusana na jambo lenyewe, upepo au maji, na pana mahali kinapokutana na jicho la mtu. Mahali pa kwanza pakiharibika, kipimo kitasema uongo. Mahali pa pili pakiharibika, kitasema kweli bila mtu wa kuisikia. Baharini, kati ya mahali hapo pawili hupita waya.

Twende Vudee. Kwetu kipimo tunachokihitaji kuliko vyote ni kipimamvua, lile kopo lenye mdomo wa duara lililosimamishwa shambani, linalopokea mvua ya usiku ili asubuhi imiminwe kwenye chupa yenye mistari na kusomwa. Mvua hukutana nalo kiwanjani, na msomaji yuko nyumbani au shuleni. Kati yao hakuna waya wa umeme. Waya wake ni miguu ya mtu, anayetoka kila asubuhi, kuna baridi au hakuna, na kutembea mpaka kiliposimama. Anayechagua mahali pa kukiweka anachagua pia njia ya miguu hiyo.

Nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, katika shule moja ya milimani ambayo sitaitaja, tulikuwa na kipimamvua. Kilisimamishwa kando ya ukuta wa ofisi, karibu na ukingo wa bati, ili walimu wakione na watoto wasikichezee. Nia ilikuwa njema. Mvua ikija na upepo kutoka upande wa pili wa jengo, ukuta ulikikinga, na asubuhi tulikuta tone tu. Mvua ikija kwa upande wetu, bati lilirusha maji yake ndani, na asubuhi tulikuta kopo limejaa kuliko haki yake. Tuliandika yote daftarini kwa mwandiko mzuri. Nakumbuka wiki moja ambayo kijito kilibeba magogo ya kivuko tulichokuwa tukipita, na daftari letu lilikuwa na tarakimu ndogo sana kwa siku hizo. Tulikuwa waaminifu. Mahali ndipo palipotudanganya.

Makosa ya namna hii yana ukubwa wake, na unahesabika. Milimita 1 ya mvua iliyonyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Eka moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Kwa hiyo milimita 1 juu ya eka moja ni lita zaidi ya 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Kipimo kikikosea milimita 10 kwa sababu kimekaa chini ya mgomba, kimekosea mapipa 200 kwa kila eka. Mkulima anayeamua leo kama apande mahindi au asubiri, anaamua juu ya mapipa hayo.

Basi kiwekwe wapi? Wataalamu wa hali ya hewa wana kanuni, na kanuni hizo hazihitaji fedha. Zinahitaji kutembea na kutazama.

Kanuni ya kwanza ni umbali kutoka kwa kitu kirefu. Kipimamvua kikae mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho, na mara nne ni bora zaidi. Kama mgrevilea una urefu wa mita 10, hesabu hatua mpaka upate mita 20 kwa uchache. Hapa ndipo Vudee inapokuwa na taabu yake, maana mashamba yetu ni ya miteremko yenye migomba, kahawa na miti ya kivuli, na kiwanja cha wazi ni adimu. Na miti hukua! Mahali palipokuwa wazi miaka 10 iliyopita leo panaweza kuwa kivulini, na kipimo kikaanza kupungukiwa kidogo kidogo bila mtu kutambua.

Kanuni ya pili ni upepo. Mtu wa mlimani huwaza haraka kwamba mahali bora ni kileleni mwa kilima, pa wazi kabisa, pasipo mti wala nyumba. Si kweli. Juu ya ukingo upepo huvuma kwa nguvu na kuyapitisha matone juu ya mdomo wa kopo bila kuingia. Shamba lote limelowa, kopo limepata pungufu. Kwa sababu hiyo hiyo mdomo wa kipimo hauinuliwi sana. Kati ya sentimita 30 na mita 1 kutoka ardhini panafaa, kutegemea aina ya kopo, ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie na upepo wa juu usiyapeperushe. Chini yake kuwe na majani mafupi. Kuweka juu ya sakafu ya saruji au juu ya bati ni kualika matone yaliyoruka.

Kanuni ya tatu ni usawa. Ardhi ya Vudee imeinama, lakini mdomo wa kopo usiiname. Simamisha nguzo imara, weka pima maji ya fundi juu ya mdomo, angalia pande zote. Kisha zungushia uzio mwepesi usiozuia mvua, kwa sababu mbuzi hana habari na takwimu.

Kanuni ya nne ndiyo naiona kuu, nayo husahaulika. Nani atakisoma? Kwa desturi ya vituo vya hali ya hewa nchini kwetu, mvua husomwa saa 3 asubuhi. Saa 3 ile ile, kila siku: Ijumaa, Sabato na Jumapili, siku ya arusi na siku ya msiba. Kwetu kuna wenye kuswali Ijumaa, kuna Wasabato na kuna Walutheri, na kipimo hakina siku ya mapumziko. Basi kikiwekwa shuleni, ulizeni nani atakisoma mwezi wa Desemba watoto wakiwa likizo. Kikiwekwa kwa mzee mmoja, ulizeni nani atakisoma akiteremka Same hospitali. Kikiwekwa mahali panapovukwa kijito, ulizeni msomaji atapita wapi siku ya mafuriko, siku ambayo kipimo kinahitajika kuliko siku zote.

Naomba mnielewe vizuri. Anayechagua mahali akiangalia ardhi tu atapata mahali pazuri pasipo na mtu. Mimi nasema mchagueni msomaji kwanza. Mkishampata mtu mwaminifu na msaidizi wake, tafuteni kuzunguka makazi yake kiwanja kinachotimiza zile kanuni tatu, umbali wa dakika chache kwa miguu. Pasipopatikana kwake, tafuteni msomaji mwingine. Msiwe wepesi wa kusema, "Hapa chini ya bati panatosha." Wala msikipeleke kileleni kwa sababu ya uzuri wa kileleni.

Na msomaji afundishwe mambo mawili madogo. Ayaangalie maji kwenye chupa jicho likiwa usawa wa maji, si kutoka juu, na asome sehemu ya chini ya mkunjo wa maji. Kisha aandike sifuri. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Siku ambayo hakusoma iachwe wazi au iandikwe kwamba haikusomwa. Sifuri na pengo si kitu kimoja.

Mtaniuliza, sifuri ina faida gani? Nitawajibu kwa jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Watafiti waliochambua kumbukumbu za mvua za bonde la Makanya, bonde linaloanzia milima hii yetu, walikuta kwamba vipindi virefu vya ukavu katikati ya masika, vya zaidi ya siku 21 mfululizo, vimeongezeka tangu miaka ya 1950. Mahindi hayauawi na jumla ya mvua ya mwaka. Yanauawa na wiki tatu za jua yakiwa yanatoa mbelewele. Na wiki tatu hizo haziwezi kuonekana daftarini isipokuwa kuna mtu aliyetoka asubuhi 21, akalikuta kopo kavu, akaandika sifuri 21. Mtu huyo alidhani anaandika kwamba hakuna kitu. Alikuwa anaandika habari kubwa kuliko zote za msimu ule.

Miaka ya 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Delft, Uholanzi, pamoja na taasisi nyingine, walifanya kazi katika bonde hilo la Makanya, wakatandaza vipimo vya mvua na vya mito, na mito ya Vudee na Ndolwa ikawa kati ya iliyopimwa. Kabla ya hapo bonde lilikuwa karibu halina vipimo vya mto. Tarehe 1 Machi 2006 ikashuka mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya saa chache. Mto ulifurika vibaya. Kwa kuwa vipimo vilikuwa vimetawanywa, ilionekana wazi kwamba mvua ile haikunyesha sawasawa. Ilimwagika sana upande mmoja, ikapungua upande mwingine wa bonde lile lile. Kama kipimo kingekuwa kimoja tu, hadithi ya siku hiyo ingetegemea kilisimama upande gani.

Hili watu wa milimani wanalijua bila kufundishwa. Mvua ya Same mjini na mvua ya Vudee si ndugu. Mji umekaa kwenye kivuli cha milima, kwenye nyika kavu, na kituo cha hali ya hewa cha Same kinasema kweli juu ya Same mjini. Hakiwezi kulazimishwa kusema juu ya Chome, juu ya Mbaga, wala juu ya Vudee. Mwezi Novemba 2009 maporomoko ya udongo yalifukia nyumba za Goha, Mamba Miamba, ndani ya wilaya hii hii, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Kipimamvua hakizuii udongo kuporomoka. Lakini mlima usio na kipimo hauna jinsi ya kuwaambia walio chini yake kwamba usiku huu maji yamezidi.

Upande wa mto, kanuni zinabadilika kidogo lakini fikra ni ile ile. Ubao wenye alama za kupimia kina usiwekwe kwenye kona ya mto, wala mahali mchanga unapokusanyika, kwa kuwa mchanga ukijaa, sifuri ya ubao inahama, na kina kinachosomwa si kina tena. Utafutwe mkono ulionyooka wa mto, wenye kingo za mwamba au udongo mgumu. Na usomeke kutoka nchi kavu, mtu amesimama ukingoni. Ubao unaomlazimu msomaji kuingia majini hautasomwa siku ya hatari, na hakuna atakayeweza kumlaumu.

Wazee wetu waliijua fikra hii kabla ya mabomba na vipimo vya dukani. Angalieni ndiva. Bwawa lile la kienyeji la Wapare hujaa maji ya mfereji usiku, asubuhi hufunguliwa, na maji hugawanywa kwa zamu. Ndiva haikuchimbwa popote. Ilichimbwa juu ya mashamba, mahali maji yanapofika yenyewe na kuteremka yenyewe, na mahali ambapo mwenye kazi ya kufungua anaweza kufika alfajiri na kuona kwa macho maji yamefika wapi kabla hajaanza kugawa. Bangalala walio chini na Vudee walio juu wanatumia maji ya mto mmoja, na amani kati yao imesimama juu ya kujua maji ni kiasi gani. Nawaomba wanaosimamia ndiva waweke mti wenye alama ndani ya ndiva, karibu na lango, ili kila mwenye zamu auone mwenyewe. Maji yanayoonekana na wote yanagombewa kidogo.

Siku hizi kuna vituo vya mashine, vyenye kioo cha jua, vinavyotuma tarakimu kwa mtandao wa simu. Mradi wa TAHMO, unaotandaza vituo vya namna hiyo barani Afrika, umependa kuviweka shuleni, kwa sababu shuleni kuna ulinzi na kuna watoto wa kujifunza. Ni wazo zuri. Hapa mtaniambia kwamba miguu ya mtu haihitajiki tena. Inahitajika. Majani huziba mdomo wa mashine. Buibui hutanda ndani yake. Ndege hutua juu yake. Vumbi la kiangazi hufunika kioo cha jua. Mashine iliyozibwa haiandiki kwamba imezibwa. Inaandika sifuri, na sifuri hiyo ni ya uongo. Basi hata mashine iwekwe pale ambapo mtu atapita, atazame, afute kwa kitambaa, atoe jani.

Neno moja la mwisho kuhusu mahali. Wataalamu hutumia kumbukumbu za miaka 30 ili kusema hali ya hewa ya mahali ikoje. Kipimo kikihamishwa katikati, hata kwa mita 50, kutoka nyuma ya zahanati kwenda mbele ya ofisi ya kijiji, mabadiliko ya mahali yanaweza kuonekana kama mabadiliko ya mvua, na wajukuu wetu watadhani mbingu zilibadilika, kumbe ni sisi tuliosogeza kopo. Kwa hiyo likishachaguliwa eneo, liheshimiwe kama mpaka wa shamba. Ikilazimu kuhama, iandikwe daftarini tarehe, umbali na sababu, na ikiwezekana vipimo viwili visomwe pamoja kwa msimu mzima kabla cha zamani hakijang'olewa.

Wasikilizaji wapenzi, hukumu yangu ni hii. Kipimo cha bei ya chini kilichokaa mahali pa haki, kikasomwa na mtu yule yule kila saa 3 asubuhi, kina thamani kuliko cha bei kubwa kilichofungwa ukutani kwa ajili ya wageni. Nahodha hainunui dira ili abiria waione. Anaiweka pale macho yake yanapofika gizani.

Wenyeviti wa vitongoji, walimu wakuu, viongozi wa ndiva, naomba jambo moja kabla ya vuli kuanza. Tembeeni pamoja asubuhi moja, mpitie kila kipimo kilichoko kijijini kwenu. Hesabuni hatua kutoka kwenye mti ulio karibu. Angalieni kama mdomo umelala sawa. Muulizeni msomaji njia yake iko vipi wakati wa matope, na nani anamshikia zamu akiugua. Kilichokaa pabaya kihamishwe sasa, ardhi ikiwa kavu, na iandikwe kwamba kimehamishwa. Na yule anayetoka kila asubuhi kwenda kusoma kopo, mwacheni ajue kwamba kijiji kinamwona, maana yeye ndiye waya wetu.